Basilika Iliyokwenda Chini

Jumatatu, 30 Agosti 1999

Habari njema! Padre Marcel ametangaza baada ya misa ya asubuhi. Jimbo limeipa parokia yetu nafasi moja katika msafara wa hija kwenda Roma, mwaka ujao wa Jubilei. Atakwenda yule atakayewaelimisha waumini vizuri zaidi kuhusu Roma ya kale. Maonyesho ni Jumapili.

Nafasi hiyo ni yangu. Nani mwingine? Nimesoma seminari. Niliondoka kwa sababu ya malaria na kutoelewana na mwalimu wa hesabu, lakini Kilatini ninacho hadi leo. Kingi tu.

Mpinzani ni mmoja: Gregory, mwalimu wa kwaya. Mke wangu Scolastika amemwona akikusanya maboksi ya sabuni madukani. Maboksi! Anataka kuijenga Roma kwa maboksi ya sabuni. Nimecheka mpaka nikapaliwa na chai.

Jumanne, 31 Agosti

Mpango umepatikana. Mimi ni karani wa takwimu katika kampuni ya kutafuta dhahabu, upande huu wa Bulyanhulu. Ofisini kuna kompyuta yenye programu ya kuchora miamba. Unaipa vipimo vya mashimo yaliyochorongwa, nayo inakuonyesha mwamba ulivyolala huko chini. Unaweza kuuzungusha kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Nikajiuliza: kama inachora mwamba ambao hakuna aliyewahi kuuona, itashindwaje kuchora jengo ambalo halipo tena?

Jengo nimeshachagua. Basilika ya kale ya Mtakatifu Petro, aliyoijenga Kaisari Konstantino. Hii ya leo si yenyewe. Ile ya kwanza ilibomolewa ili hii ijengwe. Watu wengi hawajui. Gregory hajui, nina hakika.

Vipimo vimo katika kitabu changu cha historia ya Kanisa. Mchwa wamekula kidogo sehemu ya paa. Nitakisia.

Bosi wangu ni Bhumika, mjiolojia, binti wa wenye duka la vitambaa Shinyanga mjini. Nimemwomba niitumie kompyuta saa ya chakula, kwa mazoezi. Akauliza mazoezi ya nini. Nikasema ya kujiendeleza. Akasema sawa, ila nisiguse kazi ya mtu.

Jumatano, 1 Septemba

Programu imeikataa Roma! Inasema iko nje ya eneo la leseni. Nimeibembeleza kwa kila namna. Haitaki. Kwake dunia inaishia barabara ya Kahama.

Nikatafakari huku nakula mhogo. Basi Roma ije huku. Nikaiweka basilika kwenye uwanja wa parokia, ubavuni mwa kanisa letu. Ikakubali mara moja. Imeenea vizuri sana, ila altare iliangukia kwenye choo cha mapadre. Nimeisogeza.

Alhamisi, 2 Septemba

Tatizo jingine. Programu hii haijui kwenda juu. Kwake kila kitu kinakwenda chini. Safu zangu nne za nguzo zimezama ardhini, na paa liko chini kabisa. Basilika imesimamia kichwa. Bhumika angejua la kufanya, lakini amekwenda Shinyanga kumwona mama yake mpaka Jumatatu. Hata angekuwepo nisingemwuliza. Mtu mwenye akili ataigeuza karatasi.

Nguzo nimezipaka njano. Zinang'aa! Kwenye ramani zetu za kazini njano ni dhahabu, lakini hii inakwenda kanisani. Kila mtu ataelewa.

Ijumaa, 3 Septemba

Nimepita kwa Gregory, kumsalimia tu. Basilika yake ya maboksi ina madirisha. Ina milango inayofunguka. Kwaya nzima imeshiriki kuipaka chokaa. Nimemsifu. Kisha nimemshauri, kwa upendo wa Kikristo, kwamba Warumi waliezeka nyasi. Amenishukuru na kuendelea kukata vigae vyake vya boksi.

Scolastika anauliza kwa nini nisimsaidie, tukaonyesha kitu kimoja. Wanawake hawaelewi mambo ya hija.

Jumamosi, 4 Septemba

Nimeichapa kwa ile mashine kubwa. Karatasi ni pana kama shuka! Nimeipiga mhuri wa kampuni ili iwe na uzito. Nimeipeleka kanisani leo hii hii, Gregory asiniwahi.

Ubao wa matangazo wa parokia ni mdogo. Ilibidi nikunje juu, penye kichwa cha habari na maelezo yangu, pamoja na yale maneno ya Kilatini. Imebaki michoro yenyewe: nguzo, kanisa letu, kisima, barabara, na ule ufunguo wa rangi ambao programu huuchapa bila kuombwa. Haidhuru. Kazi nzuri inajieleza.

Jumapili, 5 Septemba

Ushindi! Tangu alfajiri watu wamejaa ubaoni. Wanaume ambao sijawahi kuwaona kanisani. Wengine wamekuja kwa baiskeli, na sepetu zimefungwa nyuma. Wamepima kwa vidole, wamenong'onezana, wamevua kofia.

Mmoja anaitwa Amosi, mchimbaji mdogo, kijana wa Kisukuma, ngosha hasa, dume mwenye mabega kama mlango. Alinivuta pembeni.

"Shikamoo mzee. Hizi nguzo zipo kweli?"

"Marahaba. Kwa mujibu wa utafiti wangu, zilikuwepo na ninajua mahali pake."

"Na zinakwenda mita ngapi?"

"Tisa hivi. Na nene, ngosha. Huwezi kuikumbatia moja peke yako."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, macho yamemlenga machozi. Hata mimi nimeguswa. Sikujua wachimbaji wanaipenda historia ya Kanisa kiasi hiki.

Kwa Gregory kulikuwa na watoto wachache na mbuzi. Mbuzi alionja mnara.

Padre Marcel amesema atatangaza mshindi Jumapili ijayo. Alikuwa akiwatazama watu wangu kwa mshangao. Nimeanza kuangalia sanduku la safari.

Jumatatu, 6 Septemba

Wanachimba.

Nimeandika neno hilo moja, na sasa naliandika tena. Wanachimba! Uwanja wa parokia wote. Imekuwa rashi, kama wasemavyo wachimbaji dhahabu mpya inapoibuka. Kuna mahema ya maturubai. Kuna mama anakaanga mihogo. Kila penye nguzo yangu pana duara, yaani shimo la mchimbaji, na juu ya kila duara mtu anavuta kamba. Safu zimenyooka vizuri mno, lazima niseme. Ukisimama kwenye ngazi za kanisa unaiona basilika yote.

Padre Marcel aliniuliza hii ni nini. Nikaanza na Kaisari Konstantino. Akasema hakuniuliza habari za Konstantino.

Bhumika amerudi. Ameibandua karatasi ubaoni na kuitandaza juu ya meza ya ofisini.

"Valerian, umechora nini hapa?"

"Basilika, bosi."

"Imesimamia kichwa."

"Ndiyo, bosi."

"Na njano?"

Akausoma ufunguo wa rangi kwa sauti, polepole: kijivu, jiwe tupu; njano, dhahabu nyingi. Kisha akaweka kidole juu ya mhuri na kukiacha hapo. Ameniambia nirudi parokiani, niwaambie watu ukweli, na nisibuni kitu kingine chochote.

Jumanne, 7 Septemba

Nimewaambia ukweli. Nimesimama juu ya pipa na kueleza kwamba ni jengo la Roma, limeshabomolewa, na hata huko Roma hutalikuta. Wakanisikiliza kwa adabu. Kisha Amosi akasema wananielewa, mzee. Mtu wa kampuni lazima aseme hivyo. Wakarudi mashimoni.

Nikabuni kitu kingine. Nimeandika kibao kikubwa: HAPA HAKUNA DHAHABU. Nimekipiga mhuri. Nimekisimamisha njia panda, wote wapitao wakione.

Mpaka jioni wachimbaji wamekuwa maradufu. Wengine wametoka Geita kwa lori. Wanasema kampuni haijawahi kuhangaika kuweka kibao mahali pasipo na kitu.

Ukuta wa kanisa umepata ufa upande wa sakristia. Padre Marcel hasemi na mimi. Anaonyesha ufa kwa kidole tu.

Jumatano, 8 Septemba

Saa nne asubuhi duara la Amosi limeporomoka, na yeye yumo ndani.

Kelele, kisha vumbi, kisha kila mtu anakimbilia ukingoni, na udongo unazidi kumwagika. Nilisimama pale pale. Ninaijua ile nguzo. Ni ya tatu kutoka mlangoni. Mimi ndiye niliyeiweka.

Scolastika alikuwa amewaletea akina mama wa mihogo maji. Akatupa ndoo. Akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia tangu tuoane: wote warudi nyuma, wote, wabaki wanne, walale kifudifudi! Wanaume wale wakubwa wakatii. Akawapanga foleni ya makarai, udongo upite mkono kwa mkono mpaka mbali. Mimi akanivuta kwa kola na kunilaza ukingoni. Aliyelala kando yangu alikuwa Gregory. Tumechimba kwa mikono kwa sababu sepetu ingemkata. Kucha zangu mbili zimeng'oka na sikuhisi.

Tulipata kiganja kwanza. Kilikuwa cha moto. Kikanishika.

Alipotolewa hadi kifuani alikohoa, akatema udongo, akafumbua macho na kunitazama. Akaniuliza kama tumeikuta nguzo.

Mguu umevunjika. Gregory alikimbia kanisani, akarudi na basilika yake, akaichanachana ukuta kwa ukuta na kuufunga mguu kwa maboksi na vitenge. Alitaka kuonekana, bila shaka. Lakini mguu ulitulia. Amosi amepelekwa Kahama kwa gari la Bhumika. Daktari anasema atatembea.

Alhamisi, 9 Septemba

Bhumika amekuja na karai na mapipa ya maji. Hakuhutubia. Amewaambia wachimbaji wachague wenyewe udongo wa shimo wanalolitaka, na mtu wanayemwamini auoshe mbele ya wote, dhahabu kama ipo ibaki chini ya karai. Wakaosha. Karai likazungushwa, maji yakamwagwa, wakainama vichwa vyote. Matope. Wakaosha mwingine. Matope. Mzee mmoja wa migodini alitia ulimi, akatema, akaanza kukunja turubai lake.

Hapo Scolastika akasimama barabarani na kusema hakuna atakayeondoka kabla ya shimo lake kufukiwa. Nilitarajia wamcheke. Wamefukia. Mpaka jioni basilika ya Konstantino imebomolewa mara ya pili.

Jumapili, 12 Septemba

Nilivaa suti. Nilijipa moyo kwamba katika yote yaliyotokea, hakuna aliyewaelimisha watu wengi kuliko mimi.

Padre Marcel alisimama mimbarini. Akasema maonyesho yameharibika yote mawili, kwa hiyo amepima kwa namna nyingine. Atakayekwenda Roma ni Scolastika, kwa sababu bila yeye leo tungekuwa tunazika. Kanisa zima likapiga vigelegele. Gregory alipiga makofi kuliko wote na kwaya yake ikaanza wimbo.

Scolastika amelia. Nilimpa leso. Nyumbani ameniuliza basilika ile iko upande gani wa Roma. Nimemwambia haipo. Akasema hata hivyo, mahali pake atapaona.

Nimemweleza mpaka chakula kikapoa. Alisikiliza yote. Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza yote.

Jumatatu, 13 Septemba

Nimefukuzwa kazi. Bhumika amesema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma. Amesema nina jicho zuri la kuona kitu kisichokuwepo, lakini kazi ya ofisi ile ni kinyume chake. Nimempa mkono. Karatasi akabaki nayo.

Jumatatu, 20 Septemba

Mungu hamtupi mja wake! Nimempata Umesh, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi pale Shinyanga. Anajenga nyumba ya wageni huko Mhunze, Kishapu, na anataka iwe ya pekee. Ana kompyuta mpya iliyofunikwa kitambaa kwa sababu hakuna anayejua kuitumia. Nimemsimulia mabafu ya Warumi: mabwawa makubwa, mifereji chini ya sakafu, mvuke unapita hadi kuta zinapata joto. Yote yameharibika siku hizi, ila mimi naweza kuyarudisha katika mchoro.

Ameuliza kama nimewahi kufanya kazi ya namna hii. Nimesema ndiyo, na ilivuta watu hadi kutoka Geita. Amefurahi sana.

Mimi si mtu wa kurudia makosa. Nimekaa na kuchunguza kwa makini kosa lilikuwa wapi, na nimelipata: rangi ya njano. Kwa hiyo safari hii nimetumia bluu. Kiwanja chote cha Umesh, kutoka ukingo hadi ukingo, kimejaa maji ya bluu chini ya ardhi, yametulia, yanapendeza. Watu wa Kishapu hawajaona tone la mvua tangu Mei. Picha kama hii itawaburudisha mno.

Keshokutwa ni siku ya mnada wa mifugo hapo Mhunze. Nitaibandika kwenye geti la kiwanja asubuhi mapema, wafugaji waione wakiwa bado na ng'ombe wao.