Chupa Nne za Mashindano

Jamani, leo nimeaibika mpaka kivuli changu kimenikana. Nawaandikia nikiwa nyuma ya tangi la maji, maana ndani ya nyumba bado siwezi kuingia.

Wale wananijua wanajua napika bia. Si chang'aa, si busaa, zile pombe za magendo, msiniletee chifu! Bia ya shayiri, hamira na maua ya hops, kila kitu kimepimwa kwa kijiko. Tatizo ni kwamba naipikia kwa bafu. Miezi saba sasa pipa langu limekaa pale watu wanapaswa kuoga, na familia yangu inaogea nje kwa karai. Juzi mke wangu Mwende akanikalisha chini, akaniambia bila kuinua sauti (muogope sana mwanamke asiyeinua sauti):

"Baba Kioko, Jumamosi ni mashindano ya bia pale hotelini. Majaji wakiipitisha hiyo bia yako, nakuachia bafu na sitasema neno tena. Wakiikataa, pipa linatoka siku hiyo hiyo."

Nikakubali mara moja. Kwa nini nikatae? Bia ilikuwa imeiva, tamu, ina povu zito. Masharti ya mashindano yalisema ulete chupa nne za kahawia, bila lebo wala alama yoyote, zifike hotelini kabla ya saa tano asubuhi. Za kwangu zilikuwa tayari kwa kreti ndani ya stoo, nimezifunga vifuniko na ile mashine yangu ya mkono. Mashine hiyo naipenda sana. Hata nilimfundisha Mwende kuitumia, nikijisifu weee. (Nilimfundisha mwenyewe. Sina wa kulaumu.)

Sasa, wiki hii mamake Mwende ametoka Kathiani kuja kliniki ya macho. Kulala kwangu haiwezekani, analala kwa dada yake ng'ambo ya barabara, lakini mchana anashinda kwetu. Na sisi Wakamba tuko na nthoni, ile heshima ya wakwe. Mkwe hapiti karibu na mama mkwe. Hamwangalii usoni. Hawashikani mikono. Wengine siku hizi wamelegeza, lakini mama huyu anashika nthoni ya zamani, ile kali, ya kutosemeshana kabisa. Akiwa na neno na mimi anampa Mwende aniletee. Mwende akikosekana, analiambia jiwe, ama mbuzi, bora tu niwe karibu nisikie. Miaka tisa ya ndoa na sijawahi kumwambia hata "habari".

Leo saa nne na nusu naenda stoo kuchukua chupa. Nani amekaa mlangoni akichambua mbaazi? Mama mkwe! Nikarudi nyuma mbio. Nikasimama kwa kona, nikakohoa. Akasikia, akavuta leso mpaka puani, akainuka akaenda upande wa kuku. Vizuri. Lakini saa inakimbia, na pikipiki niliyoita inapiga honi kwa geti.

Nikaingia. Giza totoro, balbu iliungua tangu Pasaka. Nikapapasa kreti, nikagusa chupa nne, nikazikumbatia, nikatoka. Huko nyuma namsikia mama akiambia kuku, kwa sauti kubwa kuliko ile kuku wanahitaji:

"Nyinyi kuku! Dawa yenu ni zile za mbele! Za mwenye nyumba nimezisukuma nyuma! Kuku, mnasikia?"

Nikasema moyoni, masikini, sasa macho yameshika mpaka akili, mama anaongea na kuku. (Mimi! Mimi ambaye nimetoka tu kuwaeleza habari ya mbuzi na jiwe!) Nikapanda pikipiki, nikaenda.

Nilifika zikiwa zimebaki dakika nne. Shati limeshika mgongoni kwa jasho. Hema lilikuwa kwa bustani ya hoteli, watu kama hamsini hivi, wote wananyamaza kama wako kwa mtihani. Majaji walikuwa wawili. Mmoja ni mama wa Nairobi mwenye miwani, hacheki. Mwingine ni mzee wa Katangi, amepika kaluvu, ile pombe yetu ya asali, maisha yake yote. Wakimaliza mtu, wanasema "amepita" au "hapana", hapo hapo, mbele ya watu. Watano walikuwa mbele yangu. Wanne waliambiwa hapana. Mmoja wao alilia, na ni mwanaume mzima na ndevu zake.

Simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Mwende. Nikakata. Mwende tena. Nikakata. Nilijua anataka kuniuliza kama atoe pipa. Alipiga mara saba. Saba! Mimi nakata tu, macho kwa meza.

Ikafika zamu yangu.

Yule mama akafungua chupa. Bia ikifunguliwa inapaswa kulia kidogo, tsss. Yangu ikanyamaza. Akamimina. Povu, hakuna. Rangi, sijui niseme nini, ilikuwa kijani ikielekea kuwa udongo. Nikajua hamira imekufa. Miezi saba ya familia kuoga kwa karai, na hamira imekufa!

Akanywa funda moja. Akafunga macho. Hema lote likamwangalia.

"Huu uchungu," akasema polepole, "umetoka wapi?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema "sijui, madam". Mimi nikafungua mdomo nikasema: "Ni mtindo wangu mwenyewe. Kuna mimea fulani ya milimani. Ni siri ya nyumbani."

"Ni ujasiri," akasema. Akaandika. Akanywa funda la pili, akalizungusha mdomoni. "Na kuna moto fulani unakuja nyuma." Akanywa la tatu, akiutafuta huo moto.

Wakati huo mzee wa Katangi ananusa tu glasi yake. Hakunywa. Akaniangalia. "Kijana, hii harufu naijua. Sikumbuki tu kama niliijulia kwa watu ama kwa mifugo."

Watu wakacheka kidogo. Mimi pia nikacheka (Ngai, nisamehe). Yule mama akainua kalamu, na nikaona midomo yake inaanza kusema "ame..." Naapa niliiona!

Simu ikatetemeka. Namba siijui. Nikafikiri ni yule wa pikipiki, nikashika haraka nimwambie angoje. Simu yangu sehemu ya sikio ilikufa kitambo, kila kitu kinatokea kwa spika.

"Haloo?"

"Sikusemeshi wewe!" sauti ya mwanamke mzee ikajaa hema. "Nasemesha simu. Simu! Ambia mwenye wewe kuku wamelewa!"

Majaji wote wawili wakageukia simu.

"Simu, mwambie kuku walinyimwa maji tangu jana ndio wanywe dawa. Mwende amewafungulia chupa nne zilizobaki kwa kreti, zimetoa povu mpaka nje ya sufuria, na wamekunywa zote! Jogoo ameangukia ubavu! Mwambie zile amebeba ni dawa yangu, ni kiluma na pilipili!"

Kiluma ni shubiri. Huku kwetu kuku wakikohoa tunawachemshia hiyo. Na ile dawa nani aliifunga vifuniko vizuri hivyo? Mwende, kwa mashine yangu, kwa ujuzi wangu.

Jaji akaweka glasi chini, taratibu sana. "Dawa ya kuku?"

Nikapoteza akili. Nikapigia simu kelele: "Mama, kuna mtu ameinywa! Mafunda matatu! Itamfanya nini?"

Mzee wa Katangi akashika kichwa kwa mikono miwili. "Woi! Huyo ni mama mkwe wako? Na umemsemesha hivyo, mdomo kwa mdomo, mbele ya hawa watu wote?"

Miaka tisa ya nthoni imevunjika kwa spika. Halafu mama akasema, kwa upole:

"Simu, ambia huyo mtu asiende mbali na choo."

Hema likalipuka. Watu walicheka mpaka mmoja akaanguka na kiti. Yule mwenye ndevu aliyekuwa analia, sasa analia kwa kicheko. Jaji akainuka kwa heshima, akatembea hatua tatu kwa heshima, zilizobaki akakimbia. Alirudi baada ya muda mrefu. Hakuniangalia. Aliandika kwa fomu yangu maneno mawili tu: "Si bia."

Mzee akanihurumia. "Basi kimbia ulete ile yenyewe, tutakungoja."

Niilete kutoka wapi, mzee wangu?

Nimefika nyumbani nikakuta pipa liko nje tayari. Mama mkwe amejifunika leso kichwa chote, amekaa ameangalia ukuta, na Mwende anasema hataki hata kunisikia mpaka niende na wazee kumwomba mama msamaha. Sasa hivi namsikia Mwende bafuni akioga, anamwaga maji bila haraka yoyote.

Chekeni basi, si mtacheka tu. Lakini kuku kumi na mmoja wamemaliza chupa nne bila kubakisha tone, na jogoo ameamka, hawezi kusimama vizuri, lakini anarudi kwa sufuria kuangalia kama kuna ingine. Hao ndio majaji nilikuwa natafuta.