Bonyeza Sifuri

Jumatatu, tarehe 4

Intaneti imeingia nyumbani! Nimeifunga mwenyewe, bila fundi. Mkwe wangu alijitolea kuja kunisaidia. Nikamwambia abaki na mtoto wake. Nani alimwambia nimeshindwa?

Mke wangu yuko kwa binti yetu, analea kichanga. Wiki sita, alisema alipoondoka. Sasa ni mwezi wa nne. Kila nikipiga simu, mara mtoto hajalala, mara anaota jino. Danganya toto! Najua kinachomshika kule: televisheni ya mkwe. Ina intaneti, na tamthilia zake hazina mwisho. Basi na hapa sasa ipo. Kisingizio kimekufa.

Nilimpigia kumpa habari. Nilikusudia kusema na jambo jingine. Nikasema bomba la jikoni halivuji tena. Akasema haya.

Jioni nimeacha mlango wa bafu wazi makusudi. Miaka nenda miaka rudi amenigombeza kwa mlango huo. Nikasimama kwenye korido kusikiliza. Hakuna aliyesema kitu.

Jumanne, tarehe 5

Balaa! Tangu asubuhi king'ora cha wezi kinalia ti, ti, ti. Huo si mlio wa mwizi, ni wa manung'uniko. Kwenye kisanduku chake, ukutani karibu na stoo, taa ya njano inawaka na maandishi yanasema hakuna laini ya simu. Simu ya mezani nayo inakoroma.

King'ora hiki alikichagua yeye mke wangu. Mwizi akiingia, kinapiga simu chenyewe na kutoa ujumbe niliourekodi kwa sauti yangu. Kwanza kwake. Halafu kwa mkwe. Halafu kwa jirani, tunayemwita Antena kwa sababu hakuna habari ya mtaa asiyoinasa. Kila mmoja kinampigia tena na tena mpaka abonyeze sifuri kuonyesha amesikia.

Ikabidi nimpigie mkwe. Akanieleza kwa adabu, ile adabu yake inayoudhi, kwamba intaneti na king'ora vinagombania laini moja. Waya wa king'ora unataka kichujio chake, kale kadude keupe kalikokuja na modemu. Vilikuja viwili, baba, akasema. Nikamjibu kwamba nilikuwa najua. Sikujua. Kimoja nilikifunga kwenye simu. Cha pili nimekisukumia chini ya mguu wa meza ya chakula, maana ilikuwa inayumba, na sasa imetulia kabisa. Kitakaa hapo hapo. Sipokei amri kwa mtu niliyemwoza binti yangu.

Jumatano, tarehe 6

Akili ni mali! Kwa ajili yangu harudi, sawa. Kwa ajili ya nyumba je? King'ora kikimpigia mchana kweupe kumwambia kuna hatari, atafunga mizigo mbio. Kinachotakiwa ni laini tu.

Nimehamisha soketi. Nimegeuza waya. Nimezima intaneti, nikaiwasha, nikaipiga kofi. Ti, ti, ti.

Antena akachungulia juu ya ukuta, akauliza kama nimeanza kufuga vifaranga. Akaongeza kuwa king'ora chake hakijawahi kumsumbua, na mkewe pia yupo nyumbani. Hilo la mke nani alimuuliza? Nikamtazama kwa jicho la pembeni, nikaingia ndani. Nimekula viazi vya jana.

Alhamisi, tarehe 7

Nimeusikiliza ujumbe wa zamani. "Hatari nyumbani. Njoo haraka." Sauti ya karani wa mahakama. Huo hautamtoa mtu mbele ya tamthilia. Nikaamua kurekodi mwingine, wenye makali. Kifaa kinatoa sekunde ishirini.

Sijui nini kilinipata. Nilikusudia kusema mwizi, mdomo ukaenda kwake: "Mama watoto. Hakuna mwizi. Nyumba imekuwa kubwa. Mlango wa bafu uko wazi na hakuna wa kunigombeza. Nimekukumbuka. Rudi."

Nikausikiliza. Nikaona haya, peke yangu, katika nyumba yangu mwenyewe. Mtu mzima mwenye mjukuu! Nikausikiliza tena. Nitaufuta kesho. Laini si imekufa? Hakuna atakayeusikia.

Ijumaa, tarehe 8

Potelea mbali, meza na iyumbe. Nimekitoa kichujio chini ya mguu wake, nikakipachika kwenye waya wa king'ora. Ti, ti ikakoma papo hapo. Taa ya kijani! Simu haikoromi! Intaneti iko hewani! Nilicheza kidogo sebuleni. Kisha, kwa furaha ile ile, nikabonyeza kitufe cha majaribio.

Nikasikia kisanduku kinapiga namba. Halafu sauti yangu ukutani: Mama watoto. Hakuna mwizi.

Nikabonyeza kila kitufe. Hakikubali kunyamaza. Nikaushika waya niung'oe, nikakumbuka nilivyouhangaikia wiki nzima, mkono ukakataa. Kwake. Kwa mkwe. Kwa Antena. Kisha kwake tena.

Saa haikupita, Antena akawa getini. Alisikiliza mpaka mwisho ndipo akabonyeza sifuri, aliniambia bila kuulizwa. Alitaka kujua kama nahitaji mtu wa kunifungia mlango wa bafu.

Jioni akapiga mkwe. Yeye alibonyeza sifuri mara tu aliposikia Mama watoto, maana maneno hayo si ya mkwe kusikia. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma. Nikamwambia namsikitikia mama kupigiwa mara nne, huenda hakujua pa kubonyeza.

"Anajua, baba," akasema. "Alikuwa anataka kusikia tena."

Nikamuuliza hali ya mtoto. Jino limetoka kweli.

Jumamosi, tarehe 9

Amepiga mwenyewe. Alisema ameisikia mashine, sasa anamtaka mtu.

"Niambie kwa mdomo wako, baba watoto, nami kesho napanda basi."

Maneno yenyewe ni mafupi. Nilikuwa nayo yote mdomoni. Nikasema laini inakatakata. Akangoja. Nikasema lile bomba la jikoni bado liko imara. Akacheka kile kicheko chake kinachoanzia puani. Miezi sijakisikia.

"Haya," akasema. "Basi kabonyeze hicho kitufe chako, nisikie."

Akakata. Nikaenda, nikabonyeza. Kikampigia. Nikasimama karibu na stoo mpaka ujumbe ukaisha, na safari hii, kwenye simu ya kwanza tu, akabonyeza sifuri. Bila shaka kilimpigia na mkwe, na Antena. Na wasikie.

Jumapili, tarehe 10

Amerudi! Hata mkoba hajautua, akaufunga mlango wa bafu kwa kishindo na kunigombeza kuanzia korido mpaka jikoni. Niliandamana naye nyuma nisikose hata neno. Alipoweka chai mezani, meza ikayumba, chai ikamwagika. Akanigombeza upya. Raha iliyoje!

Baadaye alikaa karibu yangu, akanitazama, akangoja. Nikajua anangoja nini. Nikamwonyesha intaneti ilivyo na kasi.

Nikiwa humo nimeona kengele ya mlangoni inayosema. Mtu akiingia, inamkaribisha kwa sauti uliyoirekodi mwenyewe. Nimeiagiza. Mkwe anashauri niite fundi, ati isije ikagombana na king'ora. Fundi wa nini? Nitaifunga mwenyewe siku mke wangu atakayokwenda sokoni. King'ora kina sekunde ishirini tu, hii ina dakika nzima. Nina mengi ya kumwambia.