Sebule Yangu na Kiwiko cha Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji bado yupo. Alikuja kutusalimia, mwaka jana! Mimi ni fundi sofa, lakini sofa niliyoishona kwa mikono yangu siikalii tena. Mdogo wake mke wangu kaigeuza kitanda. Leo nimekunywa chai nikiwa juu ya ndoo. Ndoo! Nyumbani kwangu! Yeye kajinyoosha, ananisimulia ukumbi wake wa mieleka. Nikachoka. Nimemwambia tushikane Jumamosi, mbele ya mwalimu wake. Nikishinda, ahame. Akishinda, akae mpaka atakapooa. Kakubali upesi mno. Na mchumba mwenyewe hana.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwendea mwalimu kwa siri. Nimshonee kiti chake kilichotoboka, naye anifundishe kumfunga mtu kiwiko. Anasema ni rahisi: unalala chali ubavuni mwake, unapitisha miguu juu ya kifua chake, unabana mkono wake kati ya magoti, dole gumba litazame juu, kisha unainua nyonga polepole. Polepole, karudia, kiwiko cha mtu si bawaba. Na anayepiga mkeka makofi mawili amesalimu amri, papo hapo mchezo umekwisha. Nimemwambia hayo ya kusalimu amri amfundishe shemeji.
Kiti nimekimaliza, nikakipiga makofi mawili, kama ninavyoipiga kila kazi iliyokaa sawa. Kimeitika vizuri.

Jumatano, 5 Machi
Nimejaribu kwa mke wangu. Sijui miguu ilipishana wapi, nimejifunga mwenyewe. Kaniuliza kama namfukuza nduguye au yeye. Nimemwambia ni mazoezi ya mgongo. Kacheka mpaka akalia, ndipo akanifungua.
Nimeshiba, nikapiga meza makofi mawili. Mke wangu anasema tabia hii ya karakana itaniponza. Maneno ya watu wasio na fani.

Ijumaa, 7 Machi
Mto wa sofa nimeushinda kila raundi. Begi la shemeji nimelipanga tayari, nikaliweka mlangoni. Mambo mapema!

Jumamosi, 8 Machi
Sitaki kuandika. Naandika.
Shemeji kanibwaga kama gunia. Lakini katika vurugu ile mkono wake nikaupata! Magoti, nikabana. Dole gumba, juu. Nyonga, polepole. Kaanza kuguna, uso umemwiva. Kiwiko kimenyooka, kazi safi, hakuna hata kunyanzi. Raha ikanipanda. Nikautoa mkono wangu mmoja, nikapiga mkeka makofi mawili.
Mwalimu kapuliza filimbi. Kainua mkono wa shemeji! Nimelia kwamba ile ilikuwa furaha jamani, furaha! Kasema mkeka hauulizi sababu. Ukumbi mzima umevunjika mbavu. Mke wangu ndiye aliyecheka mwisho, na kwa sauti kuliko wote.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kaliona begi. Kumbe alikuwa kapata chumba, ahamie leo, alitaka kunishtukiza tu! Lakini ahadi ni deni, anasema, na yeye si mtu wa kunivunjia heshima. Kampigia mwenye nyumba asimsubiri. Roho imeniuma kuliko mgongo.
Hata hivyo kosa ni la mkeka, una sauti ya sofa. Nimeomba marudiano. Safari hii akishinda, mama mkwe naye ahamie. Mke wangu keshaanza kupanga mashuka. Apange tu! Ugonjwa nimeshaujua: nitavaa glavu, makofi yasisikike. Mpango umekaa sawa kabisa. Nimeipiga ndoo makofi mawili.
Kutoka kwenye sofa yangu, shemeji ameitikia: haya, ushindi ameupokea.