Lori Lililopanda Mlima Ambao Haupo

Mume wangu mdogo, mjukuu wangu, umepotea mpaka nimeanza kukusimulia kwa wageni kama mtu wa zamani. Simu unapiga, sawa, lakini simu haibebi ndoo wala haikai nami tukatazamana usoni. Ungekuwepo ile Jumanne ya mwezi uliopita ungejionea mwenyewe. Sasa utaisoma kwa mkono wa mdogo wako: mimi nasema, yeye anaandika, na akinikatiza namfinya.

Jambo lenyewe ni hili. Mdogo wako na wenzake wa darasa la saba wanasomea hesabu koridoni, katikati ya ofisi ya mwalimu mkuu na vyoo, na kila aliyebanwa anawaruka miguu. Mwaka juzi tuliahidiwa chumba cha kusomea grafu. Jumanne hiyo tukaitwa kiwanjani kukabidhiwa. Kiwanjani pana nyasi tu. Mimi, mlezi wa kamati ya wazazi, nikaambiwa kazi yangu ni kutia dole gumba kwenye hati. Nikishatia, chumba kimehesabiwa kimepokelewa, na hakuna atakayekiulizia tena. Nadhani walinichagua kwa kuwa sijui kusoma. Lakini kichwa ambacho hakikupelekwa shule kina nafasi kubwa, na hotuba ya Mheshimiwa aliyekuja kutukabidhi imeingia yote. Hii hapa, pamoja na tulivyofanya sisi tuliosimamishwa juani.

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa ambaye hakuweza kufika, Waheshimiwa Wasaidizi wa Mwakilishi huyo, Mwalimu Mkuu, walimu wastaafu na wanaotarajia kustaafu, viongozi wa kamati, wa kamati ndogo na wa kamati ya kuratibu kamati ndogo, wageni waalikwa, wageni mliojialika, wazazi, walezi, majirani, na ninyi wanangu wanafunzi, ambao ni viongozi wa kesho na kwa hiyo leo mnaombwa mnyamaze: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Aliyeanza kupiga ni dereva wake.)

Ninasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao wengi wameniambia haujapata kuonekana kwa kiongozi wa ngazi yangu, ili kuwakabidhi rasmi Kituo Jumuishi cha Umahiri wa Kusoma na Kuchora Grafu Zisizo na Namba, mradi wa pailoti uliobuniwa ndani ya fremuweki ya mkakati wetu shirikishi, baada ya semina elekezi tisa, warsha kumi na nne, na ziara moja ya mafunzo ambayo mimi binafsi nilijitolea kwenda, nikavumilia kukaa hotelini wiki tatu kwa ajili yenu. (Mama mmoja nyuma yangu alisema pole. Sijui kama alimaanisha.)

Wapo wanaouliza, grafu isiyo na namba ni ya nini? Ndugu wadau, grafu isiyo na namba ndiyo grafu ninayoipenda kuliko zote, (mwalimu wa hesabu alitazama chini) kwa sababu haimbani mtu. Inaonyesha tu umbo la jambo, kwamba limepanda, limeshuka au limetulia, na kwa mujibu wa tathmini yetu ya awali, asilimia mia moja na kumi na moja ya wanafunzi wa koridoni wamekwisha kunufaika na chumba hiki hata kabla ya kukiona. (Watu walikitafuta kwa macho. Mzee mmoja alichungulia mpaka nyuma ya gari.)

Na ili msije mkasema Mheshimiwa anaongea mdomo mtupu, nimekuja na ushahidi wa kisayansi. (Dereva alikunjua bango kubwa kama shuka, akalishika mbele ya kifua. Ilikuwa grafu ya safari ya lori la tofali, iliyochorwa na karani wa bohari. Mstari wa chini, uliolala, umeandikwa muda. Mstari wa pembeni, uliosimama, umeandikwa umbali kutoka bohari. Karibu na juu kabisa pana nukta zimepangwa safu, pameandikwa shule. Haya nilisomewa.) Tazameni. Hapa lori letu, likiwa limesheheni tofali, linaanza kupanda mlima wa changamoto, linapanda polepole, halikati tamaa. Hapa linafika kwenye uwanda wa mafanikio, ambapo linapumzika kwa muda mrefu kama linavyostahili. Na hapa, ndugu zangu, linateremka kwa kasi kuja kwenu, na tofali zake zote, kwa upendo. (Makofi yalianza, kisha mikono ikabaki hewani. Kutoka bohari hadi shuleni ni bapa kama meza. Mlima sisi tunauona kwenye kalenda.)

Naona mkono wa binti pale mbele. Uliza, mwanangu, usiogope, ofisi yangu ni sikivu. (Alikuwa mdogo wako. Mwalimu alimvuta sketi, hakuketi.

"Shikamoo Mheshimiwa. Hiyo siyo picha ya mlima. Mstari ukipanda, lori linakwenda mbali na bohari. Ukilala, limesimama. Ukishuka, linarudi bohari."

"Linashuka mlima, binti yangu."

"Linarudi, Mheshimiwa. Na limerudi mbio kuliko lilivyokwenda. Halafu nukta za shule halikuzigusa."

Hapo mimi nikamwuliza, kwa sauti, lori la tofali hukimbia lini. Akasema, likiwa tupu, bibi. Nikamwuliza limesimama wapi muda wote huo. Akapima kwa kiganja toka chini hadi kwenye nukta, akasema kama nusu ya njia. Na nusu ya njia hakuna kitu ila nyumba mpya ya Mheshimiwa, ile ya ghorofa. Hakuna aliyeitaja. Tuligeuka wote tukamtazama dereva, naye akalipandisha bango taratibu mpaka likamfunika na kofia.)

Ninampongeza binti huyu kwa mtazamo wake, ambao ni wa kitaaluma kupita kiasi, na ninamwelekeza Mwalimu Mkuu ampatie ushauri nasaha, kwa sababu maendeleo hayaletwi na watu wanaofuatilia mstari umeelekea wapi; yanaletwa na watu wanaofurahi kwamba mstari upo. Na sasa, bila kupoteza muda, ambao kama mlivyoona nao umo kwenye grafu, namwomba mama yetu mlezi asogee mezani atie dole gumba, au kama wazazi hawakitaki Kituo chao basi waseme hadharani, niandike kwamba wamekikataa, jina la shule litolewe kwenye orodha na msaada uende kwa wenye shukrani.

(Nikasogea. Nikitia dole, watoto thelathini na wanane wanabaki na vyoo vyao mpaka wamalize shule. Nikigoma, imeandikwa tumekataa wenyewe. Nilikitazama kile kikopo cha wino mpaka dereva akanisogezea. Kisha nikamwita mdogo wako, nikamwambia, nichoree ukuta wa chumba chetu, tangu mwaka juzi mpaka leo, hapahapa chini ya maandishi yao. Akashika kalamu. Akasimamisha mstari mmoja, akauandika urefu wa ukuta. Akalaza mwingine, akauandika muda. Halafu akapitisha mstari mzito, umelala juu ya ule wa chini, toka mwanzo hadi mwisho, hauinuki hata kwa unene wa unywele. Nikatia dole langu kwenye ncha yake, penye leo. Mwalimu wa hesabu alikohoa kwa muda mrefu. Mheshimiwa akainamia ile karatasi, akaigeuza kidogo, akatabasamu.)

Naam. Mnaona wananchi wangu walivyo wasanii. Hata kiwanja wamekichora, kimesawazishwa vizuri, hakina bonde wala kichuguu. Hati hii nitaifikisha kwa wakubwa kwa mkono wangu mwenyewe, na nitaomba itundikwe ukutani. (Makofi makubwa kuliko yote ya siku ile. Alifurahi sana, nikamwonea huruma. Kidogo tu.)

Nikisema Grafu, ninyi semeni Juu. Grafu! (Tukajibu: Bohari.) Hawajaelewa, turudie. Maendeleo! (Nusu ya njia.) Vizuri sana.

Kwa hayo machache, nawashukuru kwa dhati kwa kukipokea Kituo hiki ambacho, niseme kwa fahari, hakina msingi utakaotitia, hakina ukuta utakaopasuka, hakina paa litakalovuja wala mlango utakaoibwa, na kwa sababu hiyo hakitahitaji matengenezo karne nzima. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

Akapanda gari, hati kaikumbatia kifuani.

Hazikupita siku sita, wakaja wanawake wawili kutoka ofisi iliyo juu yake, na ile hati yetu na kamba ya kupimia. Mimi hawakuniuliza kitu, walimuulizia aliyechora. Walizunguka naye nyasi zote, wakapima hewa, wakaandika, wakaondoka wamenuna, lakini si kwa ajili yetu. Mheshimiwa hajaonekana tangu hapo. Juzi lori limefika hapa, limeshusha. Tofali nyingine zina saruji kavu pembeni, kana kwamba zilikwisha kukaa kwenye ukuta wa mtu. Hatujauliza zimebanduliwa wapi. Tumezifagia tu, tukazipanga.

Mafundi wameomba wazazi wachimbe msingi, na wazazi wenyewe ndio sisi, migongo unaijua. Kwa hiyo ukija usipite kwangu kwanza, wala usinivalie viatu vya kung'aa. Nenda moja kwa moja kiwanjani, chukua sepetu, umwulize mdogo wako uchimbe wapi.