Baiskeli ya Kijani na Mafuta ya Papa

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Mpekuzi wangu, karibu. Umeshalifungua daftari la mwenzio, basi soma.

Leo nimepewa baiskeli. Nusu nimepewa. Ilikuwa stoo kwa ami Kamaludin, nyuma ya duka lake la vinyago na tarizi, Ndia Kuu. Iliachwa na Mjerumani mmoja. Chuma tupu. Si ya milima, si ya mashindano, iko katikati tu, kama mimi na masomo. Kutu mpaka kwenye kengele. Ami kasema mteja wake wa Kizingo, Bi Aida, anangoja shuka la tarizi la harusi. Nikimfikishia Ijumaa kabla ya sala kwa baiskeli hii, ni yangu. Nisipofika, anapewa Sabir, mwanawe ami. Sabir ana cheti cha ufundi na kucha safi. Fundi gani ana kucha safi?

Jumanne, 6 Agosti

Nimeifungua yote uani. Sijafundishwa na mtu. Kutu nimeisugua kwa jivu na ndimu, kama shangazi Mwanaesha anavyosugua sinia zake za shaba. Chini yake, kijani cha kasuku. Na pale mabomba yanapokutana, chuma kimeungwa laini kama shingo ya kanzu. Nimegonga kwa kijiko. Ikalia vizuri, ikakawia. Nikagonga tena. Shangazi kauliza mtu mzima anafanya nini na kijiko, na ndimu zake za achari ziko wapi. Nimejibu swali la kwanza tu.

Jumatano, 7 Agosti

Sabir kapita, kasema nipake grisi. Nilikuwa nataka kupaka grisi. Sasa haiwezekani.

Nimefikiri sana. Wazee wamepaka majahazi sifa, yale mafuta ya papa, miaka na miaka, na maji ya chumvi hayakuyafanya kitu. Mbao ikinusurika, chuma je? Charo, anayepaka mashua Bandari ya Kale, kanipa kopo zima. Kasema, "Haya ni ya mbao, kaka. Utanuka." Nikamwambia sayansi haina pua. Nimepaka mnyororo, gololi, keria, mpaka springi za siti.

Alhamisi, 8 Agosti

Inakwenda! Kimya, laini, gia zaingia kama kisu kwenye halua.

Kasoro ndogo: paka. Asubuhi nimewakuta saba wakilamba mnyororo. Nilipopita mtaa wa Kuze walikuwa kumi na wawili nyuma yangu, kwa mstari. Sabir, yuko kibarazani, kauliza kama nasindikizwa kwenda kuoa papa. Wivu. Shangazi kaitoa baiskeli nje. Na nguo zangu.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimefika Kizingo saa tano na robo. Shuka keriani, limefungwa kwa gazeti. Bi Aida kalifungua, kalifunga. Kauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, niliagiza shuka au niliagiza samaki wa ng'onda?" Paka watatu walikuwa tayari sebuleni kwake. Kanirudisha nalo.

Msikitini, wa kulia kwangu kasogea. Wa kushoto pia.

Jumamosi, 10 Agosti

Ami kaamua. Kufika nimefika, hilo hakatai. Shuka linafuliwa mara ya tatu. Lakini baiskeli inayonuka hivi haiwezi kukaa na mtu. Alasiri ya leo atakuja kuinusa mwenyewe. Isiponuka, yangu. Ikinuka, ya Sabir.

Sabir kaja mapema, bila mzaha. Kasema mafuta ya taa, sabuni ya unga, halafu grisi, saa moja tu imekwisha, na yeye atanisaidia. Kaja na matambara yake. Nimemshukuru, nikamwambia arudi nayo.

Shangazi hufukiza nguo za harusi kwa udi, na harufu hukaa mwezi mzima. Baiskeli ina tofauti gani na kanzu? Nimeitundika uani, vyetezo vitatu chini yake, makaa mekundu, na udi wote wa shangazi. Tairi la nyuma limeanza kulainika. Dalili njema, harufu inaingia. Ile rangi ya kijani inatoa mapovu madogo madogo.

Sabir hajaondoka. Yuko mlangoni, ndoo ya maji mkononi, anangoja nimwite. Lakini nikimwita si atakuwa kashinda? Wewe ungefanyaje?