Kidole Gumba Kwenye Meza Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Machi
Nimepata kazi! Meza kumi na mbili za mgahawa wa shemeji, kaka yake mke wangu. Kila moja ibandikwe stika yenye picha ya samaki, kisha imwagiwe resini, ile gundi ya chupa mbili inayokauka na kuwa kama kioo. Nimemwahidi picha haitatoka kwa maji ya moto wala kwa kisu. Akiridhika, nitapewa na meza za baa yake, na mke wangu ataniachia chumba cha uani kiwe karakana yangu mwenyewe. Nikiharibu, mke wangu amesema nirudi kwa Fundi Kipimo nikaombe kazi. Yule anayepima kitu mara tatu, halafu anapima rula. Niliondoka kwake mwezi jana nikibamiza mlango. Heri nife njaa.

Jumanne, 5 Machi
Nimeshinda mgahawani. Nimepiga msasa, nimefuta vumbi, nimebandika. Samaki wa meza ya nne akaota kipele cha hewa shavuni, nikakitoboa kwa sindano. Jioni nimemwaga resini. Imetulia kama maji ya mtungini. Chupa inasema isiguswe siku tatu. Aliyeandika hayo hana shemeji anayefungua mgahawa Jumamosi.

Jumatano, 6 Machi
Nimekaa. Nimesimama. Nimezunguka meza. Moyo hautulii. Nikagusa ya kwanza kwa kidole gumba, kidogo tu. Bado mbichi. Alama imebaki, na kovu langu la kisu limepita katikati yake. Nikagusa ya pili nione kama nayo bado. Bado. Ya tatu iko karibu na dirisha, labda imewahi. Wapi. Kufika saa sita mchana nilikuwa nimezimaliza zote.

Fundi Kipimo akapita kunisalimu, mikono mfukoni. Akatazama, akaguna, akaenda zake. Ule mguno umeninyima raha mchana kutwa.

Alhamisi, 7 Machi
Nimejaribu kufuta alama kwa kitambaa, kwa kijiko cha moto, kwa kisu. Hazitoki. Angalau ahadi niliyotoa ni ya kweli. Nimesikia fahari kidogo.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji kaja kukagua. Akainama meza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akauliza, mbele ya keshia wake, kidole hiki ni cha nani. Ulimi ukanitangulia. Nikasema Fundi Kipimo alipita Jumatano, yule mtu na wivu wake tunamjua. Shemeji akasema vizuri, kesho atamwita, na vidole vyetu sote vitalinganishwa.

Nimerudi nyumbani mbio. Nimejifungia bafuni na msasa, nikasugua kidole mpaka kovu likapotea. Machozi yamenitoka. Mke wangu akauliza kulikoni, nikamwambia nilikuwa namenya vitunguu. Akauliza, bafuni? Nikajitia sijasikia.

Jumamosi, 9 Machi
Siku mbaya kuliko zote. Mgahawa umejaa. Mama mmoja wa miwani kaona alama, kaweka kidole chake juu yake, kacheka, kamwita mumewe naye ajaribu. Punde kila meza watu wanapima vidole na kuagiza tena. Shemeji meno yote nje. Anawaambia wateja kwamba picha za mashine ziko kila mahali, ila hapa mkono wa fundi unaonekana.

Nikasogea kupokea pongezi. Hakunitazama. Alikuwa anamsubiri Fundi Kipimo.

Kipimo akaingia. Akatazama meza, akanitazama mimi, akasema asante, ni mtindo wake wa siku nyingi. Nikapiga kelele kwamba ni mimi! Shemeji akanikumbusha nilivyosema jana, na keshia akatikisa kichwa kukubali. Nikatoa kidole changu. Laini kama yai. Kipimo akatoa chake, na kovu katikati. Kwani kuna fundi wa stika ambaye kisu hakijampitia kidoleni?

Meza za baa amepewa yeye. Mke wangu hakunigombeza. Amehamishia majaba yake ya maji chumba cha uani, na hilo limeniuma zaidi.

Jumatatu, 11 Machi
Nimeomba kazi kwa Kipimo. Akanipokea, akaniambia mlango ule nilioubamiza bado unakwama.

Jumatano, 13 Machi
Meza za baa zilimwagiwa resini jana. Kipimo anaona kinyaa kuchafua kidole chake, na amekwenda kununua misumari. Ameniachia nipige alama mimi, zote nane, zifanane na zile za mgahawa. Ila kidole changu bado hakijaota ngozi ya maana, kinaacha doa tu. Nimefikiri kidogo. Nimefunga mlango, nimevua kiatu, nimepanda kwenye stuli. Cha mguu ni kikubwa zaidi na kinaonekana vizuri. Nimeshapiga meza tano, na hakuna atakayejua.