Posa Iliyosahihishwa kwa Kalamu Nyekundu

Habari yenyewe haikuja kwa redio wala kwa simu. Ilikuja na mzee Behewa, Jumatano asubuhi, akishuka kwenye basi dogo la Igalula na bahasha kwapani, uso kama wa mtu aliyekalishwa darasani uzeeni.

Yustina ndiye aliyemwona kwanza. Kuuza kahawa na kashata pale kijiweni Mtendeni kumemfundisha kusoma watu kwa mwendo: mwenye njaa ana wake, mwenye uongo ana wake. Behewa siku hiyo alitembea kama anayeomba njia iongezeke urefu. Yustina akammiminia kikombe kabla hajaagiza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Mimina na cha pili kabisa. Nitakihitaji."

Kijiwe ni taruma moja la reli lililolazwa juu ya matofali, mbele ya banda la Kasimiri, fundi baiskeli, ambaye hata mama yake siku hizi anamwita Spoku. Taruma lilifikaje hapo, anajua mzee Behewa aliyestaafu reli, na hasemi. Asubuhi hiyo walikuwa wamekalia wawili: Masolwa, dalali wa ng'ombe kutoka Igunga, anayeitwa Mnada, na Nikolaus, anayeitwa Kidato kwa sababu alimaliza cha nne na hajampa mtu nafasi ya kusahau. Spoku alikuwa chini, gurudumu la mteja mapajani.

"Mshenga huyo!" Mnada akapiga kofi. "Lete neno, mzee. Tuanze kutafuta ng'ombe?"

Behewa akaketi. Akanywa. Akafuta mdomo.

"Posa imerudi."

Spoku akaachia gurudumu. Likajiviringisha hadi barabarani na hakuna aliyelifuata.

"Imekataliwa?"

"Haijakataliwa."

"Imekubaliwa!"

"Haijakubaliwa."

"Sasa mzee, imekuwaje?"

"Imesahihishwa," akasema Behewa, akaitoa.

Kweli. Karatasi ilikuwa nyekundu kuliko ilivyokuwa ya bluu. Mwalimu Erasmus, baba yake Julieth, alifundisha Kiswahili miaka thelathini na minne, akastaafu, akarudi Igalula kulima karanga, lakini kalamu nyekundu hakuistaafisha. Pembeni mwa kila mstari palikuwa na mkwaruzo. Chini kabisa, ndani ya duara: 31.

"Thelathini na moja juu ya ngapi?" Spoku akauliza.

"Juu ya mia, mwanangu. Nami nimesimamishwa pale sebuleni nikisomewa makosa kama niliyaandika mimi."

"Si uliandika na wewe?" Mnada akasema.

Na hapo ndipo penye kisa. Spoku alipotaka kumwoa Julieth, yule anayeuza dawa za mifugo pale Igalula, hakuandika barua peke yake. Benchi zima liliandika. Kila mmoja aliweka tamathali yake, Kidato akizitaja majina moja moja kama anaita mahudhurio, na Spoku akaandika alichoambiwa, kalamu kaishika kama bisibisi. Yustina aliona yote hayo akiwa na birika mkononi. Hakusema. Hakuna aliyemuuliza.

"Soma, Kidato," Behewa akaamuru. "Kila mtu abebe msalaba wake."

Kidato akakohoa. "'Binti yako ni jua lililochomoza Igalula likatua kifuani mwangu.' Ameandika: 'Sitiari. Imechakaa. Na jua likitua kifuani, mwenye kifua ameungua. Siozeshi marehemu.'"

Mnada akacheka hadi kashata ikamtoka.

"Unacheka nini? Ile ilikuwa sitiari ya kidato cha nne!"

"Endelea, endelea!"

"'Macho yake ni kama ya ndama wa siku tatu.'"

Mnada akanyamaza ghafla.

"'Tashbiha,'" Kidato akasoma polepole, akionja kila neno. "'Ndama wa siku tatu ana tongotongo. Sifuri.'"

"Huyo mzee hajui ng'ombe!" Mnada akasimama. "Ndama wa siku tatu? Mweupe paji la uso? Muulize mtu yeyote Igunga, muulize Nzega! Mimi mke wangu nilimwambia maneno hayohayo, tuna watoto saba!"

"Labda alikuonea huruma."

"Kaa, Mnada," Behewa akasema.

"'Tangu nimwone, mwezi wa nne huu sijala wala kunywa.' Ameandika: 'Mubalagha. Alhamisi nilipita Mtendeni. Alikuwa anakula muhogo. Mikono miwili.'"

Wote wakamgeukia Spoku.

"Nilikuwa na njaa," Spoku akasema.

"'Nampenda, nampenda, nampenda, nampenda, nampenda.' Hapa kaandika: 'Takriri, au anajaza ukurasa?' Halafu inafuata ile yako, mzee. 'Babu zetu wapagazi walibeba pembe kwa miguu kutoka Unyanyembe hadi pwani. Nami nitambeba binti yako vivyo hivyo.' Ameandika: 'Babu zake walipofika pwani walitua mzigo. Yeye atamtua wapi?'"

Behewa akaangalia kahawa yake kama kuna nzi. "Hilo," akasema, "kwa kweli lilinichoma."

"Kuna hata moja iliyopata?" Spoku akauliza.

"Ipo. 'Baiskeli yangu hulia kila ikipita kwenu.' Ameweka alama ya vyema. 'Tashihisi nzuri. Lakini aitie grisi.'"

Hiyo ndiyo pekee Spoku aliyotunga mwenyewe. Yustina aliikumbuka vizuri, maana Kidato siku ile alitaka ifutwe.

"Na mwisho," Kidato akasoma, safari hii bila madaha, "'Mhusika mkuu hajulikani. Nimesikia fundi, dalali, mtu wa reli na mwanafunzi. Anayeoa ni yupi? Irudiwe kabla ya Jumapili. Hakuna mtihani wa tatu.'"

Mpita njia akawarudishia gurudumu, akaliegemeza bandani, akaenda zake.

"Na juu ya meza," Behewa akaongeza taratibu, "nimeona bahasha nyingine. Ya kaki. Imetoka Urambo. Posa ya mwenye mabani mawili ya kukaushia tumbaku."

Spoku akaketi chini kwenye vumbi, mgongo kwenye mlango wa banda. Hakulia wala hakutukana. Alianza tu kuokota spoku za magurudumu moja moja na kuzipanga kwa urefu, jambo ambalo Yustina hakuwahi kumwona akilifanya.

"Rufaa!" Kidato akapiga taruma. "Tunakata rufaa! Kisha tunaandika nyingine, nzito. Ile ilikuwa nyepesi. Tunaanzia katikati, tunarudi nyuma kwa mbinu rejeshi, tunatia taharuki, asijue kama kijana anaomba kuoa mpaka ukurasa wa tatu!"

"Taharuki kwenye posa?" Behewa akauliza. "Unataka mzee afe?"

"Tutie na vina. Mizani minane kwa minane."

"Na ndama," Mnada akasema. "Tumwongezee umri. Wiki mbili. Tongotongo zimeisha."

"Hapana ndama!"

"Bila ndama mimi natoka kwenye barua!"

"Toka!"

Yustina akaweka birika chini. Alisoma na Julieth dawati moja mpaka la saba. Julieth akaendelea, yeye akabaki na makaa na vikombe, lakini alimjua: mtoto aliyekuwa akisifiwa kalamu yake nzuri, anaificha. Huyo hapatikani kwa sifa za jua.

"Spoku," akasema. "Ulimwonea wapi siku ya kwanza?"

"Hapahapa."

"Ilikuwaje?"

"Dada Yusti," Kidato akaingilia, "tuko kwenye fani hapa, maudhui baadaye..."

"Namuuliza Spoku, kaka."

Spoku akajikuna kichwa kwa mkono wa grisi. "Mvua ilikuwa inanyesha. Alikuja na pancha, boksi la dawa kichwani. Nikampa kigoda, akakataa, akashika pampu. Nikabandika kiraka. Akainama, akaniambia, kimekaa upande."

"Kilikaa upande?"

"Kidogo sana. Kwa mteja mwingine ningebishana. Nikakibandua, nikaanza upya. Akasubiri. Nilipomaliza akapitisha kidole juu yake, hivi, akasema, sasa. Basi. Sasa tu. Akaondoka na mvua yake." Akaokota spoku nyingine. "Tangu siku hiyo kila kiraka nakipitishia kidole."

Mnada akatazama kidole chake mwenyewe.

"Andika hivyo," akasema Yustina.

"Hivyo hivyo?" Kidato akatoa macho. "Haina tamathali hata moja! Jua halipo, moyo haupo, hata ua!"

"Mimi mvua nimeiona. Na kidole nimekiona. Wewe hukukiona?"

Kidato akaangalia kidole cha Spoku. "Nimekiona," akakiri. "Hiyo... hiyo inaitwa taswira. Nilikuwa nakaribia kuitaja."

"Ulikuwa unakaribia tangu mwaka gani?" Behewa akamuuliza.

Spoku akaandika juu ya kiti cha baiskeli, ulimi nje, na safari hii kalamu haikumshinda. Nusu ukurasa. Mwishoni akaweka: Naomba kuja kwako, baba. Mimi ni Kasimiri, fundi. Alipoikunja, dole gumba likaacha alama nyeusi pembeni ya karatasi.

"Nakili upya!" Kidato akapiga kelele. "Uchafu huo unakata maksi tano!"

"Iache," Yustina akasema. "Ajue ni ya nani."

Mnada akaomba kuiona tu, aone mwandiko. Akageukia ukutani kidogo, ili apate mwanga, akasema. Kisha Behewa akaitia kwenye bahasha.

Jumamosi mzee akapanda basi. Spoku akafungua baiskeli yake mwenyewe, ile iliyokuwa ikilia, kila kitu chini: mnyororo, pedali, bearing moja moja kwenye kopo. Jumapili alirudi toka misa akaendelea. Jumatatu asubuhi alikuwa hajanywa kahawa, na kwa mara ya kwanza ile mubalagha ilikaribia kuwa kweli.

Basi likaja. Yustina akatazama miguu ya Behewa kwanza. Mzee alikuwa anatembea kama treni inayoingia stesheni na bendera.

"Soma wewe, mama," akampa Yustina bahasha. "Kidato atayaonja maneno."

Yustina akasoma. Mvua ilikuwa na vyema. Pampu, vyema. Kwenye kiraka: "Mandhari yanaeleweka." Kwenye kidole hapakuwa na neno, ila wino mwekundu ulikuwa umetua pale ukakaa, kama mtu aliyesahau kuinua kalamu. Pembeni mwa alama ya dole gumba: "Saini nimeitambua." Na chini, kwenye kona, palipokuwa na mstari mdogo wa mwandiko mwingine kabisa, palikuwa na msalaba mkubwa mwekundu: "Ndama amerudi. Nimemkata."

"Mnada!"

"Alikuwa mdogo tu! Wa wiki mbili!"

"Maksi?" Spoku hakutambua kuwa amesimama.

"Sabini na nane," akasema Yustina. "Angepata themanini na tatu, ndama amekula tano. 'Umefaulu. Uje Jumamosi na wazee wawili. Wahusika wadogo wote wabaki Mtendeni, hasa mwenye ndama.'"

Taruma likatikisika kwa kelele. Behewa akamkumbatia Kidato, kisha akakumbuka ni Kidato, akamwachia.

"Wahusika wadogo?" Kidato alikuwa mwekundu kama masahihisho. "Mimi? Nani aliyetaja taswira hapa? Mimi ni mhusika mkuu msaidizi, kwa uchache!"

"Hakuna kitu kama hicho."

"Kipo!"

"Ngoja," Mnada akainua mkono, uso umeanza kung'aa. "Mayu, mama yetu, soma tena hapo mwisho. Ameandika 'hasa'?"

"Hasa."

"Hasa mwenye ndama. Sio mwenye jua, sio mwenye pembe." Akaketi kwa heshima kubwa, akanyoosha kola. "Jamani, katika barua nzima, baada ya bwana harusi, mtu aliyetajwa ni mimi peke yangu. Mkuu ni nani hapo?"

Wakabishana kwa vikombe sita. Behewa akamwita Spoku aje aamue, maana barua ni yake. Spoku hakuitika. Wakageuka bandani: vifaa viko, kopo la grisi liko wazi, kikombe chake cha kahawa kimeachwa kimejaa.

"Kaenda saa ngapi huyu?" Kidato akashangaa. "Mbona hatujaisikia baiskeli?"

Yustina, aliyemwona akishika barabara ya Igalula kitambo, akaokota kikombe, akakiosha.

"Haikulia," akasema.